Khatibu Katwambiani?

Yako mambo ambayo sisi watu wa pwani tumezowea kuyazungumza barazani tu, kahawa mkononi, na tukifika mbele ya wenyewe tukayameza. Moja katika hayo ni khutba zetu za Ijumaa. Barazani kila mtu ana lake la kusema: huyu khatibu ni mrefu wa maneno, yule ni mkali kupita kiasi, huyu sauti yake haitoki, yule kila wiki ana hadithi ile ile. Lakini akipita khatibu mwenyewe, sote huinuka tukampa mkono na kumwambia, "Mashaallah sheikh, leo umetuwaidhi." Mimi nimeamua kuyasema haya hadharani, kwa heshima zote, kwa kuwa naona jambo lenyewe limefika mahali ambapo kunyamaza si adabu tena.

Nilisoma chuo huko Likoni, kwa mwalimu aliyekuwa na bakora ndefu na subira fupi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilipofika umri wa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimehitimu Msahafu, na juzuu kadhaa nimezihifadhi kwa moyo. Siku ya Ijumaa tukipangwa safu za nyuma, kanzu zimefuliwa na kofia zimekaa sawa. Khatibu akipanda mimbari na fimbo yake mkononi, akafungua kitabu kilichochakaa kurasa, akasoma Kiarabu kitupu tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti yake ilikuwa nzuri na maneno yalikuwa na vina. Wazee wengi walisinzia, wala hapakuwa na mtu aliyewalaumu.

Ijumaa moja tulipokuwa tukitoka, mzee mmoja mvuvi wa Mtongwe, jirani yetu, alinishika bega. "Mwanangu," akanambia, "wewe wasoma. Leo khatibu katwambiani?"

Nikababaika. Aya alizozisoma khatibu nilizijua. Ningaliweza kumsomea yule mzee pale pale mlangoni bila ya kukosea irabu hata moja. Lakini maana sikuijua. Nikamjibu, "Katwambia tumche Mungu, babu."

Mzee akacheka kidogo. "Hilo hutwambia kila Ijumaa," akasema. "Mimi nauliza leo."

Miaka zaidi ya arubaini imepita, na mzee mwenyewe yuko mbele ya haki. Mambo nayo yamebadilika sana. Leo ni misikiti mingi huku bara ya Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, ambayo khutba yake husomwa kwa Kiswahili, au hutanguliwa na mawaidha ya Kiswahili kabla ya adhana ya pili. Mtu angedhani kwamba swali la yule mzee limekwisha kujibiwa. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka Ijumaa moja si zamani sana niliposali katika msikiti mmoja wa Changamwe.

Khatibu alifungua kwa kumhimidi Mola, akamswalia Mtume, akasoma aya kwa tajwidi ya kusifika. Kisha akaanza Kiswahili. Akapita kwenye mavazi ya wanawake, akaingia kwenye siasa za dunia, akarudi kwenye simu za mkononi, akawakemea wanaochelewa, akasimulia kisa cha mtu aliyekufa akiwa katika maasi. Sauti ilipanda hata vipaza sauti vikalia. Alipoteremka zilikuwa zimepita dakika arubaini. Pembeni yangu alikuwa kijana mchukuzi wa ghala moja, vumbi la saruji bado liko katika nyusi zake, naye kila mara akitazama saa. Tulipotoa salamu akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Samahani mzee wangu, ile aya aliyoisoma pale mwanzo ilikuwa yasema nini?"

Basi nikamkumbuka yule mvuvi wa Mtongwe. Lugha imebadilika, swali limebaki lile lile. Khatibu alikuwa amesema Kiswahili dakika arubaini, na aya yenyewe hakuirudia tena.

Lugha na sheria

Nisieleweke vibaya. Simo katika wale wanaowacheka masheikh wetu wa zamani kwa kusoma khutba kwa Kiarabu. Walikuwa na hoja yao. Sisi hapa pwani ni wafuasi wa Imam Shafi, aliyefariki mwaka 204 Hijria, yaani 820, na katika madhehebu yetu khutba ina nguzo tano: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumswalia Mtume, kuusia ucha Mungu, kusoma aya ya Kurani, na kuwaombea dua Waislamu. Wanavyuoni wengi wa madhehebu hayo walishurutisha nguzo hizo ziwe kwa Kiarabu. Imam Abu Hanifa hakushurutisha. Na hata kwa Mashafi, nguzo tano zikishatimia kwa Kiarabu, yako maelezo mengi ya wanavyuoni kwamba yaliyobaki, yaani mawaidha yenyewe, hayaharibiki kwa kusemwa kwa lugha ya wasikilizaji. Mwaka 1982 Baraza la Fikihi la Makka nalo lilitoa rai kwamba Kiarabu si sharti la kusihi khutba katika nchi zisizosema Kiarabu, ila ni vyema utangulizi na aya za Kurani ziwe kwa Kiarabu ili watu waizowee lugha ya Kitabu chao.

Kwa hiyo ugomvi wa Kiarabu au Kiswahili, uliowahi kuwagombanisha watu wa msikiti mmoja hata wakakaribia kupigana, kwa maoni yangu umekwisha. Kila mmoja ana mahali pake. Kiarabu kikae mwanzoni na katika aya, Kiswahili kikae katika mawaidha. Lililobaki ni kubwa zaidi: je, maana inafika?

Mola mwenyewe ametwambia katika Sura Ibrahim, aya ya nne, kwamba kila mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake, na akaitaja sababu: apate kuwabainishia. Lugha ni chombo tu, na kinachokusudiwa ni kubainisha. Mtu akisema kwa lugha yangu na asinibainishie kitu, basi amenipandisha chombo ambacho hakitweki tanga.

Alivyokuwa akifanya Mtume

Tukitazama hadithi sahihi tutaona namna Mtume (S.A.W.) alivyoifanya kazi hii. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Ammar bin Yasir kwamba urefu wa sala ya mtu na ufupi wa khutba yake ni alama ya ufahamu wake. Leo sisi tumegeuza: khutba ndefu, na sala ni Kulhuwallahu na Kauthar.

Imam Muslim huyo huyo amepokea habari za bibi mmoja wa Madina, Ummu Hisham binti Haritha, aliyesema kwamba Sura Qaf aliihifadhi kutoka kinywani mwa Mtume mwenyewe, kwa kuwa akiisoma mimbarini kila Ijumaa. Tuizingatie habari hii. Kwanza, mwanamke alikuwamo msikitini na akisikia vyema. Pili, Mtume hakuona haya kuirudia sura moja Ijumaa hata Ijumaa mpaka ikakaa vifuani mwa watu. Tatu, khutba ilikuwa ni Kurani yenyewe, si maneno ya pembeni yaliyopambwa kwa aya moja kama kitambaa cha meza.

Na iko habari ya Abu Rifaa. Aliingia msikitini, mgeni, Mtume yuko katika khutba, akasema kwamba amekuja kuuliza juu ya dini yake, haijui dini yake ni nini. Mtume aliiwacha khutba, akamwendea, akaletewa kiti, akakaa kumfundisha, kisha akarudi kuimaliza khutba yake. Fikirini! Kwetu sisi mgeni kama huyo angalizimwa kwa macho makali ya safu tatu. Najua kwamba khutba ikisomwa ni lazima tunyamaze, na hata kumwambia mwenzio "nyamaza" ni upuuzi uliokatazwa. Lakini kisa hiki kinatufundisha kwamba kiumbe anayetaka kuelewa alikuwa na thamani kuliko mtiririko wa maneno ya mimbarini.

Waliotutangulia

Wako wanaodhani kwamba kuitia maana ya dini katika Kiswahili ni uzushi wa juzi. Hao hawaijui pwani yao. Mababu zetu waliifasiri Hamziya ya Imam Busiri kwa mashairi ya Kiswahili zaidi ya karne mbili zilizopita. Sayyid Mansab wa Lamu aliifasiri Maulidi ya Barzanji kwa tungo. Mwana Kupona alipomwandikia bintiye utendi mwaka 1858, dini na dunia alizieleza kwa Kiswahili, kwa sababu alitaka mwanawe aelewe. Aliyetaka kufahamika alisema lugha ya nyumbani.

Na bara yetu hii ina somo lake. Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule akaanza kufasiri kitabu chake kwa Kiswahili. Mwaka 1875 wamisheni wakafungua kijiji cha watumwa walioachwa huru hapo Freretown, Kisauni, pale ambapo mpaka leo tunapaita Kengeleni. Kufikia mwaka 1914 Biblia nzima ilikuwa imechapishwa kwa Kimvita, yaani kwa lahaja yetu wenyewe. Ya Kurani ilikuwaje? Tafsiri ya kwanza kamili kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923, na aliyeifanya hakuwa Mwislamu bali ni padri, Godfrey Dale wa Unguja. Ya pili, ya mwaka 1953, ilikuwa ya Makadiani. Masheikh wetu wa Kisunni walikuwa bado wanajadiliana kama inafaa.

Aliyeliona hilo mapema ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa hapa Mombasa. Alizaliwa mwaka 1891, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo aliloliita Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Kiarabu chake hakikuwa na mfano katika mji huu, lakini aliandika Kiswahili chepesi ambacho mwashi na mpishi walikifahamu. Alianza na tafsiri ya Kurani, na sehemu aliyoiwacha, ya Fatiha na Bakara, ilichapishwa mwaka 1980. Mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1963, aliifuata njia hiyo hiyo kwa vitabu na gazeti. Akaja Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyehamia kwetu, akawa Kadhi Mkuu mwaka 1968, na mwaka 1969 Kurani Takatifu yake ikatoka kamili, pamoja na maelezo chini ya kila ukurasa. Mwaka 1995 Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani naye akatoa ya kwake.

Basi leo khatibu wa Mtongwe au wa Mikindani hana udhuru ambao mwenzake wa mwaka 1920 alikuwa nao. Tafsiri ziko madukani, na ziko hata katika simu. Ikiwa maana haifiki, si kwa kukosa vitabu.

Fitna si fitina

Hapa nataka kutoa mfano mmoja, ili nisionekane kwamba nalaumu tu.

Kiswahili chetu kimechukua maneno mengi ya Kiarabu, na hiyo ni neema. Lakini maneno hayo yamekaa kwetu miaka mingi, yameoa na kuzaa, na mengine yamebadilika tabia. Khatibu asiye mwangalifu huliona neno la Kurani linafanana na la Kiswahili, akalipitisha kama lilivyo. Chukua neno tamaa. Katika Sura Sajda wanasifiwa watu ambao usiku humwomba Mola wao kwa hofu na kwa "tamaa". Kwa Mwarabu hapo ni matumaini ya rehema. Kwa mtoto wa Likoni wa leo tamaa ni ulafi, ijapokuwa katika msemo wa "kukata tamaa" maana ile ya zamani bado imo. Asipoelezwa, atatoka msikitini akidhani kwamba wachamungu ni watu wenye ulafi.

Lakini neno lenye hatari zaidi ni fitna. Sote tumeikulia aya ya Bakara, ya 191, inayosema kwamba fitna ni mbaya zaidi kuliko kuua. Tumeisikia mimbarini, tumeisikia harusini, tumeisikia kwa mashangazi zetu wakigombana: msengenyaji ni mbaya kuliko muuaji! Ndivyo tulivyoifahamu, kwa sababu kwa Kiswahili fitina ni umbea wa kuwagombanisha watu. Fitina hiyo ni dhambi, sikatai, na zimo aya na hadithi za kuikataza. Lakini aya hii haizungumzi habari hiyo. Wafasiri wakubwa, kama Tabari na Ibn Kathir, wameeleza kwamba fitna ya hapa ni ule ushirikina na kule kuwatesa waumini ili watoke katika dini yao. Aya iliteremka juu ya Waislamu waliofukuzwa makwao Makka, wakadhulumiwa kwa kuamini. Na aya iliyo kabla yake, ya 190, inatoa mpaka: piganeni na wanaowapiga, wala msichupe mipaka, kwani Mwenyezi Mungu hawapendi wanaochupa mipaka.

Mtu ataniuliza, kuna ubaya gani ikiwa khatibu ameitumia aya hiyo kuwakanya wambea? Ubaya ni huu. Kijana aliyeisikia kwetu miaka ishirini kama aya ya umbea, siku moja atakutana na mtu mwingine, au sauti katika simu, itakayomwambia: "Wamewadanganya hao masheikh zenu. Maana yake si hiyo." Na hapo huyo mtu atakuwa amesema kweli! Kijana atarudi kwenye vitabu, ataona kwamba kweli alidanganywa, na kuanzia siku hiyo hatawaamini tena masheikh wake katika jambo lolote. Kisha yule mtu atamwongezea maana ya uongo juu ya ile kweli moja: kwamba kila asiyekuwa pamoja nasi ni fitna, na kumwua ni wepesi. Aya ya 190 hatamsomea.

Sizungumzi mambo ya kubuni. Sote tunakumbuka yaliyotupata. Tarehe 10 Juni 2014 Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, aliuawa kwa risasi huku huku Likoni. Novemba mwaka huo huo polisi waliivamia misikiti, Musa na Sakina huko kisiwani, Swafaa na Minaa huku Kisauni, ikafungwa kwa muda. Wako wazazi waliozika, na wako wazazi ambao watoto wao walivuka mpaka kwenda Somalia na hata leo hawana kaburi la kuzuru. Sababu za msiba ule ni nyingi: ukosefu wa kazi, dhuluma, vijana kukamatwa ovyo, siasa. Sisemi kwamba ni khutba peke yake. Nasema kwamba katika sababu zote hizo, hii moja iko mikononi mwetu, na haihitaji ruhusa ya serikali wala msaada wa mtu yeyote wa nje.

Mimbari isipotoa maana, maana haikosi mwuzaji. Atatokea wa kuiuza, na bei ataipanga mwenyewe.

Mfano wa Kongowea

Sasa niseme ninavyotamani khutba iwe. Tuchukue soko la Kongowea, upande huu wa daraja la Nyali. Kila alfajiri malori huteremsha viazi, vitunguu na kabeji kutoka bara, na kila Ijumaa adhuhuri mamia ya wanaouza na kununua hapo hujaza misikiti ya jirani.

Khatibu apande, atimize nguzo zake, asome aya sita za mwanzo za Sura Mutaffifin. Kisha awaambie maana kwa maneno ya kawaida: ole wao wanaopunja vipimo, ambao wakipokea kwa watu hutaka kitimie, na wakiwapimia watu hupunguza, je, hawafikiri kwamba watafufuliwa? Awape sababu ya kushuka kwake kama alivyoipokea Ibn Abbas: kwamba Mtume alipofika Madina watu wake walikuwa wabaya sana wa vipimo, iliposhuka sura hii wakatengenea. Watu wa Madina, masahaba, nao walikuwa wapunjaji kabla ya kufunzwa! Hapo msikilizaji hatajiona ametukanwa. Ataona kwamba na yeye aweza kutengenea.

Kisha aulize: kipimo chetu hapa ni kipi? Ni lile gunia la lumbesa, lililojazwa mpaka likavishwa kilemba, ambalo mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Huko ni kupokea kwa kutimiza. Na ni ile gorogoro iliyobonyezwa chini, anayopimiwa mama wa Mtopanga mwenye shilingi zake za siku. Huko ni kupima kwa kupunguza. Gunia moja, mkono mmoja, aya mbili zimetimia. Halafu apanue kidogo: tajiri anayemtaka kibarua afanye kazi saa kumi na kumlipa za saa nane, naye ni mpunjaji, na kibarua anayelala kazini akachukua mshahara mzima, naye yumo. Amalize kwa aya ile ile aliyoanzia, aombe dua, ateremke. Dakika kumi na mbili zatosha.

Jioni yule mama wa Mtopanga akiuliza, "Baba fulani, leo khatibu katwambiani?", mumewe atakuwa na la kujibu. Na kesho yake pale sokoni huenda likapatikana kopo moja lililonyooshwa. Hilo kopo moja kwangu mimi lina uzito kuliko machozi ya msikiti mzima.

Tufanyeni?

Najua kazi ya khatibu ni nzito na malipo yake ni haba. Wengi huishi kwa sadaka za waumini na kufundisha madrasa asubuhi na jioni. Ijumaa ikifika hawajapata hata saa moja ya kutayarisha. Haifai kuwalaumu tukawacha. Kamati za misikiti zinazochangisha kwa ajili ya zulia na mapambo ya kuba ziweke pia rafu moja ya vitabu: Kurani ya Sheikh Farsy, ya Sheikh Barwani, tafsiri ya Sheikh Al-Amin, na vitabu vya hadithi vyenye sharhe. Zimpe khatibu posho ya kumwezesha akae na vitabu hivyo siku ya Jumatano na Alhamisi.

Pili, aya ya Ijumaa iandikwe ubaoni mlangoni, kwa Kiarabu na maana yake, ili hata aliyechelewa feri akaingia khutba imekwisha apate cha kuondoka nacho. Nani asiyejua foleni ya Likoni?

Tatu, makhatibu wa Likoni wakutane wao, wa Kisauni wao, na wa Changamwe wao, hata kwa mwezi mara moja, wasomeane khutba zao kabla ya kuzisoma kwa watu. Washairi tunafanya hivyo kwa mashairi yetu, nasi twaandika mambo ya mapenzi na siasa. Vipi neno la Mola lipande mimbarini bila ya kupitiwa na jicho la pili?

Nne, baada ya sala ibaki robo saa kwa anayetaka kuuliza. Bara hii ina Wadigo, Wagiriama, Wakamba, Wajaluo, Wasomali, na wengi waliosilimu jana. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, lakini si wote waliokipata pamoja na maneno yake ya chuoni. Kuna Abu Rifaa wengi katika safu zetu, nao wanaona haya.

Tano, mama zetu nao wawekewe vipaza sauti vinavyosikika. Ummu Hisham asingalihifadhi Sura Qaf nyuma ya ukuta wenye spika iliyokufa.

Na sisi wasikilizaji tuna sehemu yetu. Tuache kumsifu khatibu kwa sauti peke yake. Tukimpa mkono, tumwambie, "Sheikh, leo nimefahamu jambo kadha," na tulitaje. Ikiwa hatuna la kutaja, tumuulize kwa adabu. Mola katika Sura Jumua, sura yenyewe inayotuamrisha kuiendea sala hii, amewapigia mfano waliobebeshwa Kitabu wasikibebe: ni kama punda aliyechukua vitabu. Punda huyo ana mzigo wa thamani, na haujui. Nilipokuwa mtoto mlangoni pa msikiti wa Likoni, kifua kimejaa juzuu na ulimi umekosa jibu, nilikuwa katika mfano huo. Nilikuwa na udhuru wa utoto. Mtu mzima aliyesimama mimbarini, na kamati iliyompandisha, udhuru wao uko wapi?

Yule mchukuzi wa Changamwe nilimweleza aya yake tukiwa tumesimama kwenye viatu. Haikuchukua hata dakika tatu. Akanishukuru, akakimbilia kazini, kwa kuwa saa yake ilikuwa imekwisha. Dakika arubaini alikaa msikitini, na alichokuja kukitafuta alikipatia mlangoni.

Ijumaa ijayo atarudi. Makhatibu wetu, mumwekee jibu lake.

Wabillahi taufiki.